Waliodhani Wameona Kivuli

Dominika ya 19 ya Mwaka A
Masomo: 1 Fal 19:9a, 11-13a, Rum 9:1-5, Mt 14:22-33



 

Injili ya leo inatupeleka ziwani usiku wa manane uliokwisha kupita. Mwinjili Mathayo anasema ilikuwa zamu ya nne ya usiku, yaani saa zile za mwisho kabla ya mapambazuko. Upepo ulikuwa wa mbisho na mitume walikuwa wamechoka kupiga makasia. Ndipo walipomwona mtu akitembea juu ya maji, wakadhani wameona kivuli, wakapiga yowe kwa hofu.

Tutafakari jambo hili, ndugu wapendwa. Waliokuwa katika chombo kile si wageni. Walikuwa wamekula na Yesu na kusafiri naye, na jioni ile ile walikuwa wamemwona akiwalisha watu elfu tano. Walimjua kwa sura, kwa mwendo na kwa sauti. Hata hivyo, hofu ilipowajaa, macho yao yalimtazama Bwana wao wenyewe, wakamwita mzuka. Giza peke yake halikutosha kuwapotosha, wala upepo peke yake. Kilichowapotosha ni hofu. Wahenga wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu ina macho yake, nayo huona isiyoyaona akili.

Sisi sote tumekuzwa kwa hadithi za mizuka, laana na mambo yasiyoelezeka. Tulizisikia tukiwa tumekaa karibu na moto, huku tukisogeleana kwa woga. Wengi wetu hata leo tunapenda kuzisikia. Leo tunataka kuwasimulia hadithi moja ya namna hiyo. Lakini hii si ya kubuni. Imo katika kumbukumbu za mahakama, na majina ya waliohusika yapo hadi leo. Tunaomba muisikilize hadi mwisho, kwa maana tunaamini kwamba inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Mwaka 1692, huko Massachusetts, nchi ambayo leo ni sehemu ya Marekani na wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza, palikuwa na kijiji kilichoitwa Salem. Wakazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Wapuritani, watu wa sala na Biblia, walioitunza Dominika kwa ukali. Walikuwa pia watu wenye hofu nyingi. Ndui ilikuwa imepita katika nchi ile. Vita mpakani vilikuwa vimewaleta kwao wakimbizi wenye habari za kutisha. Na ndani ya kijiji chenyewe palikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya mashamba na mipaka, na ugomvi mwingine juu ya mchungaji wao, Samuel Parris.

Katika majira ya baridi ya mwaka ule, binti wa mchungaji huyo, mwenye umri wa miaka 9, alipatwa na hali ya ajabu, pamoja na binamu yake mwenye umri wa miaka 11 hivi. Walijinyonga viungo, wakapiga mayowe, wakasema wanafinywa na kuchomwa na mikono isiyoonekana. Watu wakasali na kufunga. Tabibu akaitwa, akashindwa kuona ugonjwa, akasema kuna mkono mwovu juu ya watoto hawa.

Hapo jirani mmoja, mwanamke wa kanisa lile, akatoa shauri. Iokwe keki ya unga wa ngano nyeusi uliochanganywa na mkojo wa watoto hao, apewe mbwa aile, ili mchawi ajulikane. Ndugu wapendwa, kwa lugha yetu hiyo ni ramli. Mchungaji Parris alipopata habari alimkemea mama huyo mbele ya kanisa lote, akasema kwamba ameomba msaada kwa shetani dhidi ya shetani. Alikemea vema, lakini alikuwa amechelewa. Swali la awali lilikuwa: Watoto hawa wanaumwa nini? Sasa kijiji kizima kilikuwa kinauliza swali jingine: Ni nani? Na swali hilo likishaulizwa mahali, wapendwa, halikosi kupata jibu.

Jibu la kwanza lilikuwa watu watatu. Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji. Sarah Good, mwanamke fukara mwenye ulimi mkali, aliyepita mlango kwa mlango akiombaomba. Na Sarah Osborne, mgonjwa aliyekuwa hajaonekana kanisani kwa muda mrefu. Tazameni jinsi hofu inavyojua kuchagua. Haikuanza kwa wenye nguvu. Ilianza kwa mtumwa, ombaomba na mgonjwa, watu wasio na wa kuwasemea.

Tituba alikiri. Baadaye ilielezwa kwamba bwana wake alikuwa amempiga ili akiri. Lakini ungamo lake liliwasha moto, kwa sababu alisema kwamba wachawi wako wengi. Sarah Good alitiwa gerezani na mtoto wake mchanga, naye mtoto huyo akafia humo. Binti yake mwingine, Dorothy, mwenye umri wa miaka minne au mitano tu, alishtakiwa naye kwa uchawi, akafungwa kwa minyororo. Miaka mingi baadaye baba yake alieleza kwamba binti huyo hakupata tena akili timamu.

Mtauliza: mahakama ilipata wapi ushahidi? Hili ndilo tunalotaka mlishike. Ushahidi mkubwa uliotumika ulikuwa ushahidi wa kivuli. Msichana alianguka mbele ya mahakimu, akalia kwamba anaona kivuli cha mama fulani kikimng'ata na kumkaba koo. Hakuna mwingine aliyekiona. Mama mwenyewe huenda siku hiyo alikuwa amelala kwake, maili kadhaa kutoka pale, na majirani wakamshuhudia. Haikumsaidia kitu, maana mahakimu waliamini kwamba shetani huweza kukituma kivuli cha mtu popote kwa ridhaa ya mtu mwenyewe. Basi mtu angejiteteaje? Ukituhumiwa kuiba mbuzi unaweza kuonyesha ulikuwa wapi usiku ule. Ukituhumiwa kwamba kivuli chako kimeonekana katika macho ya mtu mwingine, utaonyesha nini?

Palikuwapo bibi mmoja, Rebecca Nurse, mwenye umri wa miaka 71. Alikuwa mama na bibi wa watu wengi, mshiriki wa kanisa aliyeheshimiwa kwa uchaji wake, na masikio yake yalikuwa yamepungua kusikia. Majirani walipokwenda kumwona walimkuta amekuwa mgonjwa kwa karibu wiki moja, naye kabla ya lolote aliwauliza kwa huruma habari za wale watoto wanaoteseka. Walipomwambia kwamba ametajwa na yeye, alikaa kimya kwa mshangao. Kisha akasema mapenzi ya Bwana yatimizwe, akajiuliza ni dhambi gani asiyoitubu ambayo Mungu ameiona kwake, hata amletee taabu hiyo uzeeni.

Majirani wapatao 40 walitia sahihi barua ya kumtetea. Lilikuwa jambo la kishujaa, kwa kuwa aliyemtetea mtuhumiwa aliweza kutajwa kesho yake. Baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi kwamba bibi huyu hana hatia. Hapo wasichana wakapiga mayowe mahakamani, na hakimu mkuu akawaomba wazee wafikiri tena. Walimwuliza Rebecca maana ya neno moja alilolitamka. Hakujibu. Baadaye alieleza kwamba hakulisikia swali, kwa uziwi wake na kwa huzuni iliyomjaa. Kimya cha bibi kiziwi kikachukuliwa kuwa kukiri. Akatengwa na kanisa lake, na tarehe 19 Julai 1692 akanyongwa pamoja na wanawake wengine wanne.

Mwezi uliofuata alinyongwa George Burroughs, mtu aliyewahi kuwa mchungaji wa kijiji kile kile. Watu wa huko waliamini kwamba mchawi hawezi kuisali Sala ya Bwana bila kukosea. Burroughs akasimama chini ya kitanzi akaisali Baba Yetu yote, bila kukosa hata neno. Wengi walilia. Wengine walitaka kumwokoa. Lakini mhubiri mmoja maarufu aliyekuwa juu ya farasi akawaambia kwamba shetani hujigeuza awe kama malaika wa nuru. Akanyongwa. Mwaona, ndugu zangu? Hofu ikishatawala, hakuna jema linaloweza kumsaidia mtuhumiwa. Akinyamaza, ameungama. Akisali vibaya, ni mchawi. Akisali vizuri, ni mchawi hodari.

Hadi mambo yalipokwisha, watu 19 walikuwa wamenyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, wa umri wa miaka 80 hivi, alikataa kujibu mashtaka, akawekewa mawe mazito kifuani hadi akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Na kuna jambo moja ambalo ni lazima tulitaje kwa heshima. Aliyekiri uchawi na kushikilia ungamo lake la uongo aliachwa hai. Waliokufa ni wale waliokataa kusema uongo juu ya nafsi zao.

Wapenda hadithi za laana husimulia kisa kimoja cha siku ile ya Julai. Mchungaji Nicholas Noyes alimhimiza Sarah Good akiri kwamba ni mchawi. Yule ombaomba akamjibu kwamba yeye si mchawi, na kwamba wakiutwaa uhai wake, Mungu atampa huyo mchungaji damu anywe. Noyes alikufa mwaka 1717, na watu wakasimulia kwamba alikufa damu ikimjaa kinywani. Kisa hiki kinasimuliwa hadi leo, na wasikilizaji husisimkwa. Sisi tunawaomba mtazame mahali pengine. Aliyesimuliwa hapo ni mama fukara, ambaye mtoto wake mchanga amefia kifungoni na binti yake mdogo amefungwa minyororo, naye anakwenda kufa bila hatia. Tunakumbuka laana yake, tunausahau msiba wake. Hivyo ndivyo hadithi za kutisha zinavyoweza kutupofusha: tunatetemekea maneno ya marehemu, hatujiulizi ni nani aliyemwua.

Ni nini kilichouzima moto ule? Kwanza ni sauti ya aliyekuwa anakufa. Mary Easty, mdogo wake Rebecca, naye alihukumiwa. Aliwaandikia mahakimu barua, akasema kwamba haombi uhai wake mwenyewe, kwani anajua kwamba lazima afe. Anachoomba ni damu isiyo na hatia isimwagwe tena. Alinyongwa tarehe 22 Septemba, na kundi lililonyongwa siku ile likawa la mwisho. Mwanzoni mwa Oktoba mhubiri mzee, Increase Mather, aliandika kwamba ni heri wachawi kumi wanaoshukiwa waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Mwezi huo gavana aliivunja mahakama ile. Mahakama mpya ilipokaa mwaka 1693 bila kutegemea ushahidi wa kivuli, karibu washtakiwa wote walionekana hawana hatia. Ushahidi ulikuwa kivuli tu. Kilipoondolewa, hakikubaki kitu.

Kisha kikaja kilicho kigumu zaidi, yaani toba. Tarehe 14 Januari 1697 ilitangazwa siku ya kufunga. Hakimu mmoja wa mahakama ile, Samuel Sewall, alisimama kanisani huko Boston mbele ya watu wote wakati ungamo lake likisomwa, akajitwika lawama na aibu ya mambo yale, akaomba msamaha wa Mungu na wa wanadamu. Na mwaka 1706, Ann Putnam, aliyekuwa msichana wa miaka 12 alipowataja watu wengi, Rebecca akiwa mmojawapo, alisimama mbele ya kanisa la kijiji. Alikuwa sasa mwanamke mzima na yatima. Ungamo lake lilisomwa: kwamba alidanganywa na shetani, kwamba watu aliowashtaki hawakuwa na hatia, na kwamba anatamani kulala mavumbini na kuomba msamaha kwa wote waliofiwa kwa sababu yake. Jamaa za Rebecca walikuwa katika kanisa lile.

Serikali ilianza kurudisha heshima ya waliohukumiwa mwaka 1711, na kanisa lililomtenga Rebecca lilifuta hukumu yake mwaka 1712. Lakini mtu wa mwisho, Elizabeth Johnson, alitangazwa kutokuwa na hatia mwaka 2022 tu, baada ya mwalimu mmoja na wanafunzi wake kumtetea. Uongo ulichukua miezi michache kuenea. Kuuondoa kulichukua miaka 330.

Na wale watoto waliumwa nini? Wataalamu hadi leo hawajakubaliana. Mwaka 1976 mmoja alisema huenda ni sumu ya kuvu iotayo kwenye nafaka. Wengine wakampinga mwaka ule ule. Wengine husema ni hofu yenyewe iliyougeuza mwili, na wengine kwamba baadhi ya wasichana walikuwa wakiigiza. Fumbo linabaki fumbo. Ndugu wapendwa, hapa ndipo penye fundisho letu la leo: fumbo lisilofumbuliwa si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Kutokujua sababu ya ugonjwa si dhambi. Dhambi ni kulijaza pengo la kutokujua kwetu kwa jina la jirani.

Tusiwahukumu watu wa Salem kana kwamba sisi tu wasafi. Mambo hayo hayakuwa ya madhehebu yao peke yao. Katika miaka ya 1620 na 1630, katika miji ya Ujerumani iliyotawaliwa na maaskofu wa Kanisa letu, kama vile Würzburg na Bamberg, mamia ya watu walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Tunashukuru kwamba hata wakati huo Mungu hakukosa shahidi. Padre Mjesuiti, Friedrich Spee, aliandika kitabu mwaka 1631 akipinga mashtaka hayo, akionyesha kwamba mateso humfanya mtu yeyote akiri lolote.

Wala tusiseme kwamba ni mambo ya kale na ya mbali. Ninyi mnaotusikiliza kutoka Usukuma mnajua habari tunayotaka kuigusa. Bibi amezeeka. Kwa miaka hamsini amepika kwa moto wa samadi ya ng'ombe, moshi umemwingia machoni kila siku ili wanawe na wajukuu wale. Macho yake yamekuwa mekundu. Kisha mtoto wa jirani anafariki ghafla, na macho yale yale yaliyotolewa sadaka jikoni yanageuzwa kuwa alama ya uchawi. Wazee wangapi wamekatwa mapanga usiku kwa sababu hiyo! Mwezi Mei 2008, huko Kisii nchini Kenya, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Na pwani ya Kenya, huko Kilifi, mvi za mzee zimetosha kumtia hatarini, na mara nyingi nyuma ya tuhuma limekuwapo shamba ambalo mtu fulani analitaka. Mnakumbuka kwamba Salem nako palikuwa na ugomvi wa mashamba na mipaka.

Mtatuuliza: Je, ninyi wahubiri mnasema kwamba shetani hayupo? La hasha. Kanisa halifundishi hivyo. Yule Mwovu yupo, na Injili zinashuhudia kwamba Kristo amemshinda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataza ramli na uchawi wa kila namna, nayo inakataza vile vile hukumu ya haraka, yaani kumdhania jirani kosa bila msingi wa kutosha. Lakini tujiulize: katika Salem, shetani alikuwa upande gani? Walimtafuta chini ya kitanda cha bibi mgonjwa. Naye alikuwa ameketi katika vinywa vya washtaki, kwa maana Maandiko humwita baba wa uongo na mwuaji tangu mwanzo. Amri ya tano inakataza kuua. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Palipo na uongo na mauaji, hapo ndipo kazi yake ilipo, hata kama inafanyika kwa jina la kumpiga vita.

Tunao usemi kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Usemi huu tuutumie kwa uangalifu mkubwa. Huko Salem lilisemwa na kijiji kizima, likasemwa kwa kiapo, wala halikuwapo.

Somo la kwanza la leo linatupa dawa. Nabii Elia alisimama mlimani. Ukaja upepo mkali, tetemeko, na moto, na Mungu hakuwa ndani yake. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu, na hapo Elia akajifunika uso. Msiba unapoingia nyumbani huwa kuna kelele nyingi: kilio, minong'ono, vidole vinavyonyooshwa. Mungu hayumo katika kelele hizo. Tungojee sauti ya utulivu kabla hatujafungua vinywa vyetu.

Kwa hiyo tunawaomba haya. Kwanza, mtoto akiugua, apelekwe zahanati au hospitali upesi, naye asaliwe. Mambo haya mawili hayapingani. Pili, katika msiba tusiulize, Ni nani? Tuulize, Wafiwa wanahitaji nini? Tatu, tusiende kwa wapiga ramli hata siku moja, kwa kuwa biashara yao ni kutaja majina, na jina likishatajwa laweza kugeuka kaburi.

Nanyi makatekista, mna wajibu wa pekee. Ninyi ndio mnaosikia minong'ono kabla ya padre na kabla ya serikali. Mkisikia bibi au mzee anatajwa, msingoje. Nendeni kwake siku hiyo hiyo mchana kweupe, mkaketi naye, mkale chakula chake, ili kijiji kizima kione. Dominika mkalisheni mbele. Waiteni viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa kijiji, na penye hatari toeni taarifa polisi bila kuchelewa. Fanyeni kama wale majirani wapatao 40 waliotia sahihi zao. Hawakufaulu kumwokoa Rebecca, lakini hawakuwa na damu yake mikononi.

Na kama yupo anayetusikiliza leo aliyewahi kumtaja mtu, au aliyenyamaza mtu alipotajwa, tunamwambia kwa upendo: njia ya Ann Putnam ingali wazi. Kitubio kipo. Lakini toba ya dhambi ya ulimi haikamiliki kwa siri tu. Jina ulilolichafua hadharani, lisafishe hadharani. Nenda kwa jamaa wa mtu huyo. Itakuwa vigumu. Hakimu Sewall alisimama mbele ya watu wote, wala Mungu hakumwacha.

Tumalizie pale ziwani tulipoanzia. Mitume walipopiga yowe, Yesu hakuwakemea kwanza. Alisema nao mara, akawaambia watulie, ni yeye, wasiogope. Kile walichokidhania kivuli kilikuwa na sauti, na kwa sauti hiyo wakamtambua. Kisha Petro alipoanza kuzama, kile kivuli kilinyosha mkono wa nyama na damu, kikamshika.

Bibi yule wa jirani, mwenye macho mekundu na nyumba ya upweke, naye ana sauti. Tukimsogelea tutaisikia. Atatuambia jina lake, majina ya watoto aliowazika, na jinsi magoti yanavyomsumbua. Na Bwana alikwisha kutuambia kwamba lolote tunalomtendea mmoja wa ndugu zake walio wadogo, tunamtendea yeye. Basi tuangalie sana, tusije tukampigia yowe na kumwita kivuli yeye anayetujia kutuokoa.

Ee Bwana Yesu, ingia katika chombo chetu. Uutulize upepo wa hofu katika nyumba zetu, uzilinde ndimi zetu, uwalinde wazee wetu usiku na mchana, na utujalie macho ya kukutambua. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.